Bibi wa Upande wa Pili

Mtoto aliacha kulia, na kila mtu akampongeza mama yake.

"Una bahati, Shamila," walisema wageni waliokuja kumwona mzazi, wamekaa mkekani na vikombe vya uji wa pilipili manga mikononi. "Wangu mimi alinililia mpaka nikatamani kukimbia nyumba. Huyu wako hata sauti yake hatuijui."

Shamila alitabasamu kwa adabu, maana ndivyo alivyolelewa, lakini moyoni hakuona bahati yoyote. Yeye sauti ya mwanawe aliijua. Aliisikia siku zile za mwanzo alipotoka naye hospitali, mtoto akilia tangu alfajiri mpaka majirani wa Chang'ombe wakaanza kukohoa kwa makusudi. Kilikuwa kilio cha mtu mwenye hoja zake. Sasa kilikuwa kimezimwa, na hakuna aliyeuliza kimezimwa na nini. Watu wakiona mtoto kanyamaza hawaulizi, wanashukuru na kwenda kulala.

Wengi wanaosimulia habari za majini hupenda kuanzia usiku, bundi analia na taa imezimika. Haya yalitokea mchana kweupe, jua la Dodoma likipasua vichwa, nyumba imejaa wanawake wazima wenye akili zao, na kila mmoja ana ushauri wa kutoa. Nadhani ndiyo maana yalichukua muda mrefu kuonekana.

Shamila alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua, kama wafanyavyo wengi kwa uzazi wa kwanza. Mama yake, Bi Mwanamvua, alikuwa mjane mwenye nyumba ya ua mpana, aliyoachiwa na wazee wake waliokuja mjini na misafara ya zamani, wakauza nguo na chumvi, wasiondoke tena. Mume wa Shamila, Hassani, alikuwa Msandawe wa Chemba. Kazi yake ilikuwa kununua samaki Mtera na kuwaleta mjini, kwa hiyo alionekana mara moja moja. Badala yake alikuja mama yake mzazi, Mama Hassani, mwanamke mpole wa shambani, na kuku wawili kapuni na asali ndani ya dumu. Mama hawa wawili walikuwa wameonana siku ya harusi tu. Waliheshimiana kupita kiasi, ile heshima ya watu wasiojuana, kila mmoja akichelea kumuudhi mwenzake. Mwenye wakwe anaelewa.

Yule bibi alikuja siku ileile Shamila aliporudi kutoka hospitali. Bajaji ilisimama mlangoni, vigelegele vikapigwa, begi likapokelewa, mtoto akapokelewa, wanawake wote wakaingia ndani kwa kishindo. Shamila alibaki nyuma, mshono unamuuma na macho yanajifumba yenyewe. Ndipo alipomwona kikongwe amesimama juani kando ya mlango, miguu peku, kajitanda khanga mbili zilizopauka.

"Shikamoo, bibi," Shamila alimwambia. "Karibu ndani, mbona unaungua na jua?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu kikongwe. "Nilikuwa nangoja neno lako tu."

Akaingia.

Wiki ile Shamila alidhani atakufa kwa kukosa usingizi. Chuchu zilichanika, na mtoto akishika ziwa yeye anang'ata ncha ya khanga asipige kelele. Mama yake alimkanda kwa maji ya moto yanayotoa machozi. Mama Hassani alimsimamia mpaka amalize supu. Wageni nao hawakuwa na dogo: mlaze ubavu huu, usimlaze ubavu ule, usishike maji ya baridi, funga tumbo, usikae kwenye upepo, usilie maziwa yatakauka. Kabla ya uzazi Shamila alikuwa na meza ya nguo sokoni, na hakukuwa na mteja aliyewahi kubishana naye akashinda. Sasa alijibu "sawa, mama" kwa kila jambo, kama mtoto wa chekechea.

Ndipo yule bibi aliponyoosha mikono.

"Nipe mimi," alisema. "Wewe lala."

Mtoto alipofika mikononi mwake alinyamaza papo hapo. Shamila alilala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu aingie uchungu, na alipoamka jua lilikuwa limekwisha kupinduka. Alitokwa na machozi ya shukrani. "Asante, bibi," alisema. "Bila wewe ningekufa."

"Sema tena," alisema bibi.

Shamila alicheka kidogo, akasema tena.

Tangu hapo bibi akawa wa nyumba. Alinukia udongo uliolowa, ile harufu ya matone ya kwanza yakigonga vumbi, na katika kiangazi cha Dodoma harufu hiyo humfanya mtu atazame juu bila kutaka. Wageni waliipenda. Walisema bibi ana baraka, anapita na mvua yake. Hakula chumvi hata chembe. "Presha, wanangu," alieleza, na wote wakatikisa vichwa kwa huruma, kwani nusu ya wazee wa mji wana presha, na Bi Mwanamvua akawa anampikia chungu chake pembeni. Mchana adhana ilipoadhiniwa alielekea nyuma ya ua, na hakuna aliyemfuata, kwa sababu mzee akielekea uani hafuatwi. Mlangoni palijaa kandambili za watu wote, zake hazikuwepo. Alimwimbia mtoto wimbo usio na maneno, wa puani, na akianza kuuimba kuku wa Mama Hassani walijibanza kwenye kona ya mbali ya ua, wanatazama ukutani.

Mtoto alinyolewa na kupewa jina la babu yake marehemu, Mbaruku. Bibi hakulitaja jina hilo hata mara moja. Alimwita "mtoto wangu", nani angemkataza mzee kumwita mtoto hivyo?

Kisha Mbaruku akaanza kukataa ziwa. Kifua cha Shamila kilijaa mpaka kikawa kigumu, homa ikampanda, blauzi ikalowa, na mwenye maziwa yake anafumba mdomo na kugeuza uso.

"Ameshiba," alisema bibi.

"Ameshiba nini, bibi?"

"Watoto wengine hushiba usingizi, mwanangu."

Shamila alikubali. Hata leo jambo hilo linamchoma, kwamba alikubali. Lakini aliyekaa wiki kadhaa bila kulala vizuri anajua kwamba mtu akikwambia jambo kwa upole, unakubali ili urudi kitandani.

Siku aliyoona alikuwa anatafuta kivuli tu. Joto lilikuwa limewalaza watu wote, mama yake anakoroma sebuleni, Mama Hassani amesinzia na ungo mapajani, na Shamila akapita jikoni, akatokea nyuma ya ua penye ukuta wa zamani wa matope, na pale, chini ya ukuta, bibi alikuwa amekaa na khanga imeshuka mabegani, na mtoto kifuani mwake, na mtoto ananyonya, ananyonya kwa pupa ambayo hakuwahi kumnyonyea mama yake, na lile ziwa lilikuwa kavu na lenye nyufa kama kitako cha bwawa lililokauka, na pembeni mwa mdomo wa mtoto kilikuwa kinachuruzika kitu kizito chekundu ambacho Shamila alikidhani damu mpaka kilipodondoka chini na kutulia, akaona kuwa ni tope. Bibi alinyanyua macho, akatabasamu, akaweka kidole mdomoni kumwashiria asimshtue mtoto.

Na Shamila, Mungu amsamehe, alirudi ndani kwa kunyata.

"Mama," alinong'ona akimtikisa mama yake. "Mama, amka. Bibi anamnyonyesha Mbaruku."

"Lala, mwanangu."

"Anamnyonyesha tope, mama. Nimeona."

Bi Mwanamvua alijiinua, akamshika shavu kuona kama homa imezidi. "Uchovu wa uzazi unaonesha mengi," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nilipokuzaa wewe nilimwona ng'ombe amekaa kabatini, na nilimjua kwa jina. Hata kama kamtia ziwa kumtuliza, kosa liko wapi? Mzee wa watu ametoka Chemba yote hiyo kuja kukusaidia. Usinitie aibu mbele ya wakwe zako."

Shamila akajiuliza kama kweli anaanza kurukwa na akili. Hilo nalo ni jini la aina yake, na limemla mzazi mmoja baada ya mwingine.

Aliyemkomboa ni Lea, jirani wa nyumba ya tatu, binti wa Kigogo aliyekuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Alipita na mizani yake ya kuning'iniza siku moja kabla ya arobaini, adhana ya adhuhuri ikiwa ndiyo kwanza imeanza na bibi amekwenda zake nyuma. Alifunga mizani kwenye boriti ya baraza, akamtia Mbaruku kwenye kibebeo, akakiachia taratibu. Kamba ikalia. Mshale ukazunguka, ukapita pale unapotakiwa kusimama, ukaendelea kwenda.

Lea alikaza macho. Alimtoa mtoto, akaomba pakiti ya sukari ya kilo moja, akaitundika. Mshale ukasimama kwenye kilo moja barabara.

"Mizani ni nzima, dada Shamila," alisema polepole. Alimshika Mbaruku mkono, mkono mwembamba, ngozi inavutika. Kisha akamgusa tumbo na kuuondoa mkono haraka. "Huyu ana mikono ya mtoto mwenye njaa na uzito wa mtoto anayetembea. Anakula nini?"

"Sijui," alisema Shamila, na neno hilo lilimtoka pamoja na kilio.

"Anashinda na nani?"

"Na bibi."

"Ndiyo nilitaka kukuuliza siku nyingi. Yule bibi ni wa nani?"

"Wa kwa kina Hassani."

Lea alitazama nyuma, kisha akashusha sauti. "Mama Hassani aliniambia ni wa kwenu."

Wakawaita mama wote wawili, wakaingia jikoni wote wanne, Shamila na mwanawe kifuani, wakasukuma mlango. Hakuna aliyetaka kuanza. Mwishowe Bi Mwanamvua alisema, kwa ile heshima yake ya siku zote, "Samahani, Mama Hassani. Yule mzee ni nani wako? Shangazi yako?"

Mama Hassani alimgeukia. "Wangu? Mimi simjui. Si mama yako mkubwa yule?"

"Hapana."

"Mimi ananisemesha Kiswahili cha hapa kwenu, kile cha mbio, nusu nashindwa kukamata. Nikasema huyu mtu wa mjini, huyu wao."

"Mimi ananisemesha kwa shida," alisema Bi Mwanamvua, "na ndani yake anaweka ile milio yenu Wasandawe ya kugonga ulimi. Nikasema huyu wenu."

Siku zote zile walikuwa wamempa kitanda kizuri, wamempikia chungu chake, wamemwamkia asubuhi na jioni, wamemkabidhi mtoto, na hakuna aliyemuuliza jina. Kumuuliza mzee aliyekaa mkekani kwako "wewe ni nani" ni sawa na kumuuliza amefuata nini. Kila upande ulinyamaza kwa kuustahi upande wa pili, na katikati ya heshima hizo mbili kitu kilikuwa kimejipatia nafasi ya kukaa.

"Mbona mnanong'ona, wanangu?"

Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyeusikia ukifunguka. Bibi alisimama kizingitini na mikono yake mbele. Harufu ya mvua ilijaa jikoni mpaka koo likaloa.

"Shikamoo, bibi," alisema Bi Mwanamvua. Ilimtoka yenyewe, maskini, na machozi yanamlengalenga.

"Marahaba. Nipeni mtoto wangu."

Shamila alimkumbatia Mbaruku. "Leo nitakaa naye mwenyewe," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

Bibi hakukasirika. "Kaa naye," alisema. "Kesho ni arobaini. Mama zako wote wawili waliniahidi kuwa mkubwa wa nyumba ndiye atakayemtoa nje mbele ya watu. Kesho nitamtoa mimi, mwanangu, na mtanishukuru." Akageuka akaondoka, na sakafu ya saruji alipopita ilibaki na unyevu.

Alasiri hiyo walimwita Mwalimu Abdulnasiri wa madrasa, mtu anayejulikana mtaani kwa kisomo na kwa kutopenda masihara. Alikuja na msahafu wake kwapani. Mlangoni alipokewa na bibi mwenyewe, aliyemvutia kiti na kukipangusa vumbi.

"Karibu, mwalimu wangu."

"Ahsante, bibi, shikamoo," alisema mwalimu, kabla akili haijauwahi ulimi.

Alisoma muda mrefu. Bibi alikaa mbele yake ameinamisha kichwa, anajifuta macho kwa ncha ya khanga kama mzee yeyote mcha Mungu, na alipomaliza akamwambia, "Una sauti nzuri." Mwalimu alitoka nje akiwa amelowa jasho, akawaita wanawake kando ya lango.

"Kisomo hakikushindwa, nimeshindwa mimi," alisema kwa kunong'ona. "Nimemwamkia. Nimekaa kiti alichonipa. Huyu hakuingia kwa nguvu, amekaribishwa, na mgeni aliyekaribishwa hatolewi na jirani. Nani alimwambia karibu?"

Shamila alikumbuka jua, bajaji, na miguu peku.

"Mimi," alisema.

"Basi utamtoa wewe, kwa mdomo huohuo, mbele ya watu haohao waliomheshimu. Usimwamkie. Usimshukuru. Usimwombe radhi hata kwa macho. Amekwisha kumnyonyesha, kwa hiyo kwa maziwa ameshajifanya mama. Amebakiza kumtoa nje hadharani. Ukimwonea haya kidogo tu, mtoto ni wake."

"Mwanangu hakulelewa hivyo," alisema Bi Mwanamvua, analia. "Hajui kumjibu mzee."

"Sokoni ninajua, mama," alisema Shamila. "Nilisahau tu nilipofika hapa."

Usiku ule hakulala, na safari hii hakuna aliyemwambia alale. Alijilaza na mwanawe kifuani, na kila wimbo ule wa puani ulipopita ukutani, mara upande wa kichwani, mara upande wa miguuni, mara chini ya kitanda kwenyewe, mtoto alizidi kuwa mzito, mpaka mbavu zikamlia na pumzi ikawa inakuja nusu nusu, naye akamshika hivyohivyo, akimwambia sikioni jina lake, Mbaruku, Mbaruku mwana wa Hassani, Mbaruku mwana wa Shamila, mpaka jogoo akawika na wimbo ukakatika.

Asubuhi ua ulifurika. Pilau ilikuwa jikoni, ubani unafuka, wanawake wa mtaa wamevaa sare ya khanga mpya, na wanaume wamekaa nje ya lango pamoja na Hassani, aliyefika alfajiri kutoka Mtera na kuambiwa asiingie mpaka aitwe. Kisomo kilipokwisha vigelegele vikaanza. Shamila alisimama mlangoni mwa chumba na mtoto mikononi. Kati yake na uani, kwenye kizingiti, alisimama bibi amenyoosha mikono.

"Mpe bibi," walisema wanawake kwa furaha. "Mpe bibi amtoe."

"Wewe ni nani?" aliuliza Shamila.

Vigelegele vilikufa. Mtu mmoja aliangusha sahani.

"Shamila," ilisikika sauti kutoka mkekani, "adabu, mwanangu."

"Namuuliza yeye. Wewe ni nani?"

"Mimi ni bibi yako," alisema bibi kwa upole.

"Bibi zangu wote wawili wamezikwa, na makaburi yao nayajua. Wewe ni wa nani?"

"Ni wa upande wa pili."

"Upi?" Shamila hakumwondolea macho. "Mama Hassani, huyu ni wenu?"

Mama Hassani alisimama. "Si wetu."

"Mama, huyu ni wetu?"

Bi Mwanamvua aliwatazama majirani aliowakaribisha na kuwaamkia maisha yake yote. "Si wetu," alisema.

Bibi hakuunguruma wala hakugeuza macho. Alifanya jambo baya zaidi, alilia. Alilia kama mzee aliyevunjiwa heshima hadharani, mabega yanamtikisika. "Nimekubebea mwana," alisema. "Umelala kwa mikono yangu. Leo hata asante sina?" Na ua mzima ukamwonea huruma. Muombe radhi, walisema, muombe radhi mzee usije ukapata laana, na sauti zilikuwa nyingi na zote zilikuwa za watu waliomlea, na mtoto alikuwa anazidi uzito mikononi, sasa ni gunia, sasa ni jiwe la kusagia, mikono inakatika, magoti yanakunjika, na lile neno lilikwisha kufika kwenye ncha ya ulimi, dogo, tamu, la kumaliza yote, na alikuwa amechoka, jamani, alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka maishani. Ndipo alipoona machozi ya bibi. Yalikuwa yakishuka yanachimba mfereji shavuni, kama maji ya mvua kwenye ukuta wa udongo, na ndani ya mfereji hapakuwa na nyama.

"Sikuombi radhi," alisema Shamila. "Sikushukuru. Nikichoka nitachoka na mwanangu, na akilia atalia kwangu. Mimi ndiye niliyekukaribisha, na mimi nakwambia toka."

Bibi aliacha kulia. Aligeukia ua, akawatazama wanawake mmoja mmoja, nao sasa waliuona uso ule, na hakuna aliyebaki na huruma.

"Basi nisindikizeni," alisema. "Hata mpaka njiani. Mgeni husindikizwa."

Wallahi, wanawake watatu walianza kuinuka. Mazoea ni kitu kibaya.

"Kaeni," alisema Shamila. "Njia aliyojia anaijua."

Bibi alinyanyua mguu kuvuka kizingiti, na mguu haukufika chini. Uliporomoka. Akafuata mwingine, kisha kiuno, kisha mabega, bila kelele, kama ukuta wa matope unavyokubali mvua, mpaka pale mlangoni zikabaki khanga mbili zilizopauka juu ya kichuguu cha tope bichi, katika mji ambao ulikuwa haujaona tone kwa miezi mingi. Mama Hassani alikimbilia jikoni, akarudi na kopo la chumvi, akalimwaga lote, na tope likachemka na kukauka.

Mbaruku alijikunja mikononi mwa mama yake. Akatapika tope, kidogo, tena kidogo, tena sana, na kila alipotapika alikuwa mwepesi, mpaka akawa kitoto cha siku arobaini, chenye mbavu za kuhesabika. Akavuta pumzi. Akalia. Kilio kilipanda juu ya mabati, kikatoka mpaka barabarani, na Hassani akaingia bila kuitwa. Shamila alimweka mwanawe kwenye ziwa, naye akaling'ang'ania kwa hasira yote aliyokuwa ameiweka, na likauma vilevile kama mwanzo. Shamila alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akaruka kile kichuguu, akamtoa mwanawe nje mwenyewe.

Mbaruku alilia tangu siku hiyo mpaka mwisho wa kiangazi. Alilia mchana, alilia usiku, alilia wageni walipokuja na alilia walipoondoka, na hakuna aliyempongeza tena mama yake. Wazee husema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na Shamila alikuwa amekwisha kulia zamu yake. Pale Chang'ombe alipata sifa ya mwanamke mkavu, asiyemwambia mtu karibu mpaka ataje jina lake, la baba yake, na mtaa alikotoka. Mama yake aliona haya mwanzoni, kisha na yeye akaanza kuuliza.

Mvua za kwanza zilianguka alasiri moja, Shamila akiwa nyumbani kwake na mtoto, amekaa kitandani ananyonyesha, na Hassani bado yuko Mtera. Vumbi la mji wote lililowa kwa pamoja. Harufu ile ikapita madirishani, chini ya mlango, kwenye nyufa za dari, na siku kama hiyo hakuna njia ya kujua inatoka wapi.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni. Ilikuwa sauti ya mzee.

Shamila alimvuta Mbaruku karibu zaidi. "Nani?"

Mvua ilinyesha.

"Hodi, mwanangu. Nimelowa."

"Wa nani?" aliuliza Shamila.

Hakujibiwa. Kule nje, mtu alianza kuimba taratibu, kwa puani, wimbo usio na maneno, na mtoto akaacha kunyonya, akageuza kichwa upande wa mlango, macho yametulia. Shamila alimshika uso akamgeuza amtazame yeye.

"Hukaribishwi," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mteja bei haipungui. "Leo, na kila mvua itakaponyesha."

Hodi ya tatu ilibishwa. Mbaruku akaliachia ziwa, akajaza mapafu, akalia kwa nguvu zake zote, na mama yake hakumnyamazisha.